Chaza Waliobaki Hai

Mfugaji wa ng'ombe hahitaji kufundishwa kwamba dume dhaifu huzaa ndama dhaifu. Mkulima naye, kabla ya kula mavuno yake, hutenga mahindi yaliyojaa vema na kuyaning'iniza juu ya moshi wa jiko yawe mbegu ya mwaka ujao. Lakini ni wachache miongoni mwetu, sisi tuliolelewa mbali na bahari, tunaojua kwamba hekima hiyo hiyo imetumika kwa kiumbe asiye na kichwa wala miguu, aishiye ndani ya makombe mawili: chaza.

Ndugu zetu wa mwambao humbandua chaza kwenye miamba na mizizi ya mikoko maji yanapokupwa. Kwingineko duniani chaza hufugwa katika mashamba ya baharini. Katika makala haya twapenda kueleza jinsi maradhi yalivyowalazimisha watu wa mashariki ya Marekani kuchagua mbegu ya chaza, na kwa nini kazi hiyo haijapata mwisho.

Ghuba ya Delaware iko kati ya majimbo ya New Jersey na Delaware. Kwa miaka mingi wafugaji walichukua chaza wadogo kutoka sehemu ya juu ya ghuba, ambako maji ya mto hupunguza chumvi, wakawapanda sehemu ya chini wanenepe. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1957 chaza hao walianza kufa. Kufikia mwaka 1959, kati ya chaza 100 waliopandwa sehemu ya chini, 90 hadi 95 walikuwa wamekufa. Mwaka huo huo maradhi yaliingia katika Ghuba ya Chesapeake, kusini yake.

Aliyewaua alikuwa kimelea kidogo mno, asiyeonekana ila kwa darubini. Kwa kuwa hakujulikana ni nani, wataalamu walimpa jina la MSX, herufi ya mwisho ikiwa alama ya kitu kisichojulikana. Hamdhuru mtu alaye chaza. Lakini chaza mwenyewe humkondesha hata akafa. Dawa haikuwepo. Ng'ombe huogeshwa katika josho, bali bahari haina josho.

Ndipo Profesa Harold Haskin wa Chuo Kikuu cha Rutgers alipowaelekea wale wachache waliobaki hai. Tangu mwanzo wa miaka ya 1960, yeye na wenzake waliwachukua chaza hao na kuwazalisha katika matangi. Maji yakipashwa moto kidogo, madume hutoa mbegu na majike hutoa mayai, na mimba hutungwa majini. Watoto huogelea kwa majuma mawili au matatu, kisha hunata juu ya kombe na kutulia hapo maisha yao yote. Walipokua, walirudishwa katika maji yenye maradhi, pasipo kinga yoyote. Waliokufa walikufa, waliosalia wakawa wazazi wa kizazi kilichofuata. Baada ya vizazi kadhaa, waliosalimika walikuwa wengi mara nyingi kuliko wale ambao wazazi wao hawakuchaguliwa. Yafaa ifahamike kwamba chaza hao huambukizwa vilevile. Ila kimelea huzuiliwa katika matamvua, asiweze kuenea mwilini mwote.

Msomaji aweza kuuliza: mbona chaza wa porini hawakujichagua wenyewe upesi? Jibu ni kwamba wengi wao walikaa sehemu ya juu ya ghuba, ambako MSX hawezi kuishi kwa uchache wa chumvi. Hao waliendelea kuzaa watoto ambao wazazi wao hawakupata kujaribiwa. Katikati ya miaka ya 1980 ukame ulipunguza maji ya mto, chumvi ikapanda juu, na maradhi yakapanda nayo. Chaza wengi walikufa. Baada ya msiba huo, chaza wa porini nao walionekana kumstahimili MSX. Pasipo mtihani, hapana uteuzi.

Hata hivyo ushindi huo ulikuwa na mipaka. Mwaka 1990 kimelea mwingine, aitwaye Perkinsus marinus, alishamiri katika Ghuba ya Delaware. Chaza waliochaguliwa kumshinda adui wa kwanza hawakuwa na silaha ya kumkabili wa pili. Ilibidi uteuzi uanze tena, safari hii kwa maradhi yote mawili, tena kwa subira zaidi, maana huyu wa pili huua taratibu na mfugaji hana budi kungoja miaka kabla ya kujua ni yupi aliyesalimika.

Iko hatari nyingine, nayo hutoka kwa mfugaji mwenyewe. Jike mmoja hutaga mamilioni ya mayai, hivyo ni rahisi kujaza shamba zima kwa watoto wa wazazi wachache. Lakini ndugu wakizaana na ndugu, kizazi hudhoofika. Kwa sababu hiyo wataalamu hutunza koo mbalimbali, na kuzichanganya kwa kumbukumbu zilizoandikwa.

Mwaka 2000 uchunguzi wa chembe za urithi ulibainisha kwamba kimelea MSX yumo pia katika chaza wa Pasifiki, wenye asili ya Asia. Yaelekea alivuka bahari kwa mkono wa binadamu. Naye hajachoka kusafiri: mwaka 2024 aligunduliwa katika mashamba ya Kisiwa cha Prince Edward, nchini Kanada. Wafugaji wa huko nao wamelazimika kutafuta mbegu itakayostahimili.

Basi anayehamisha mbegu, iwe ya chaza, ya ng'ombe au ya muhogo, na aikague kwanza. Huenda ni kosa la siku moja lililolipwa Delaware kwa kazi ya miaka zaidi ya 60, na deni bado halijaisha.