Homa Baada ya Safari: Mwambie Daktari Ulikotoka

Katika familia zetu za Kibaha na Kisarawe wapo wenye watoto na ndugu wanaoishi Ulaya. Huja kutusalimu wakati wa Noeli, kisha hurudi. Wengi hudhani kwamba aliyezaliwa huku malaria haimwezi. Sivyo. Kinga dhidi ya malaria hupungua mtu akikaa nje miaka mingi, na mtoto aliyezaliwa huko hana kinga hiyo.

Akiumwa na mbu mwenye malaria, homa huanza baada ya siku 7 au zaidi, mara nyingi ndani ya mwezi mmoja. Yaani akiwa amekwisha kurudi kwake. Huko daktari aweza kudhani ni mafua.

Basi tuwaagize kabla hawajaondoka: ukipata homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, sema umetoka Tanzania, omba kupimwa damu. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha vijidudu na homa ikaendelea, kirudiwe. Malaria kali huua kwa siku chache.

Nasi tukimpigia simu mgeni wetu kuuliza kama amefika salama, tumpigie tena juma la pili na la tatu: je, huna homa?