Mti Katika Chungu: Upi Wafaa Nyumba za Kyela?

Wako watu wanaodhani kwamba bonsai ni aina ya mti uliozaliwa mfupi. Sivyo. Bonsai ni mti wa kawaida, uwezao kurefuka kama wenzake wa porini, ila umepandwa katika chombo na kutunzwa ili ubaki mdogo. Neno lenyewe ni la Kijapani: bon ni chombo kipana kisicho na kina kirefu, na sai ni kupanda. Ustadi huu ulianza Uchina zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kisha Wajapani wakaupokea na kuukuza.

Pengine msomaji atauliza: Kyela yetu imejaa miembe, mikakao, michikichi na migomba, mti wa chunguni wa nini tena? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba si kila mtu ana kiwanja. Mpangaji wa chumba kimoja mjini, mwalimu anayehamishwa mara kwa mara, na mzee asiyeweza tena kushika jembe, wote hao waweza kuwa na mti wao barazani. Tena kazi ya kuutunza, ambayo ni ya dakika chache kila siku, humfanya mtu aketi na kutazama kitu kimoja kwa makini. Hiyo ndiyo desturi iletayo utulivu nyumbani. Mti peke yake hauleti.

Mti hubaki mdogo kwa sababu mbili. Kwanza, udongo wake ni kidogo, hivyo mizizi haipati nafasi ya kuenea. Pili, matawi yake hukatwa kila yanapozidi. Mkulima wa kakao anayepogolea mikakao yake amekwisha kuijua nusu ya kazi hii. Wala si kweli kwamba mti hunyimwa chakula. Mti wenye njaa hufa, na bonsai yatakiwa iwe na afya njema.

Sasa tuje kwenye kuchagua, maana hapo ndipo wengi hupotea. Picha nyingi za bonsai huonyesha misonobari, jamii ya miti ya mbao ya Sao Hill. Misonobari ya Japani imezoea majira ya baridi kali, ambayo ndiyo mapumziko yake. Ufukweni mwa Ziwa Nyasa hakuna baridi ya namna hiyo, basi hapana budi tuchague miti ya nchi za joto.

Mti ulio rahisi kuliko yote ni wa jamii ya mkuyu, wenye majani madogo, kama ile inayopandwa mijini kwa kivuli. Tawi lake likichomekwa ardhini huota. Hustahimili kivuli cha baraza, na ukisahauliwa siku moja haukasiriki. Wa pili ni mkwaju. Huota kwa mbegu, vijani vyake ni vidogo sana, na jioni hujikunja kama vinavyolala. Huu wataka jua la kutosha. Wa tatu ni mbuyu, ambao shina lake hunenepa na kuweka maji. Lakini Kyela ni nchi ya mvua nyingi, na mbuyu ukilowa siku zote huoza mizizi. Apandaye huu auweke mahali pasipofikiwa na mvua. Mwembe na mparachichi havifai. Majani yake hubaki makubwa, na mti huonekana kama mche uliosahauliwa.

Kwa chombo hatuna haja ya kwenda mbali. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, ni wafinyanzi mashuhuri, na vyungu vyao husafirishwa kwa mitumbwi hadi sokoni. Mwombe mfinyanzi atoboe tundu chini kabla ya kuchoma chungu, kwa kuwa kukitoboa baadaye ni rahisi kukipasua. Bila tundu maji husimama na mizizi huoza. Wala usiweke chini ya chungu sahani ya kukinga maji ukaisahau, maana mbu watazaliana humo.

Tia udongo wenye mchanga na mboji. Kila asubuhi ingiza kidole. Ukiona udongo wa juu umekauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kila baada ya miaka miwili au mitatu, mvua zinapoanza, utoe mti, upunguze mizizi na kuurudisha katika udongo mpya.

Kwetu sisi wa bweni kuna swali moja zaidi: muhula ukianza, nani atamwagilia? Mti wa shambani hupeleka mizizi mbali kutafuta maji, lakini wa chunguni hauna pa kwenda. Siku chache za jua la Oktoba zaweza kuua kazi ya miaka mitano. Kwa hiyo, kabla ya kupanda, shauriana na bibi au mdogo wako anayebaki nyumbani, na uchague mti atakaouweza yeye.

Huko Hiroshima, ukoo wa Yamaki ulikuwa na msonobari uliotunzwa chunguni tangu mwaka 1625. Bomu la atomiki lilipoupiga mji tarehe 6 Agosti 1945, mti huo ulikuwa nyuma ya ukuta, kama kilomita 3 kutoka hapo, ukapona. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, na sasa uko Washington. Hapana mtu mmoja awezaye kuutunza mti miaka yote hiyo. Umeishi kwa sababu kila aliyeondoka alimwachia mwingine, na huyo mwingine alikubali kumwagilia.