Rafiki wa kalamu aliyepotea Juba atafutwa wapi?

Vita vilivyozuka Juba tarehe 15 Desemba 2013 vilitawanya jamaa nyingi. Vilikata pia uzi mwingine usiotajwa sana: urafiki wa watu waliofahamiana kwa barua. Ndugu aliyepotea ana taasisi ya kumtafuta. Rafiki wa kalamu hana taasisi hiyo. Ana anwani tu, ile iliyoandikwa kwenye bahasha.

Kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili wenye asili ya Sudan Kusini wanaoishi leo Marekani, Kanada, Australia au Ulaya, bahasha hizo bado zipo, zimehifadhiwa pamoja na vyeti vya shule na picha za zamani. Kuelewa jinsi barua ilivyofika Juba, na jinsi ilivyoshindwa kufika, ni kuelewa kwa nini urafiki mmoja ulidumu na mwingine ukanyamaza ghafla.

Urafiki ulioanzia kwenye sanduku la posta

Katika Afrika Mashariki, neno rafiki wa kalamu lilizoeleka kupitia magazeti, majarida na redio. Kijana aliyetaka marafiki alituma jina lake, umri, sanduku lake la posta na mambo ayapendayo: kusoma, kusikiliza muziki, kubadilishana mawazo. Jina likichapishwa, barua zilianza kuja kutoka miji ambayo hakuwahi kuiona. Vipindi vya salamu vya redio vilikuwa na kazi inayofanana. Msikilizaji alijaza kadi, akataja majina ya wenzake, na watu wakajuana kwa majina miaka mingi kabla ya kuonana kwa sura, pengine bila kuonana kamwe.

Mpango huo wote ulisimama juu ya herufi tatu: S.L.P. Katika sehemu kubwa ya ukanda huu mtarishi hafiki mlangoni. Barua husubiri katika sanduku la posta, na sanduku moja huweza kuhudumia shule nzima, parokia au ofisi. Asiyekuwa na sanduku lake aliazima la mwalimu, la kanisa au la mwajiri wa mjomba wake. Kwa hiyo anwani ilikuwa mali ya jamii kabla ya kuwa ya mtu, na barua ya kijana ilipita mikononi mwa watu kadhaa waliomfahamu.

Njia ndefu ya kufika Juba

Kwa muda mrefu barua za Juba zilitegemea Khartoum. Meli za mvuke zilizopanda mto Nile kati ya Kosti na Juba, safari ya takriban kilomita 1,400, zilibeba abiria, shehena na mifuko ya posta. Safari iliweza kuchukua zaidi ya wiki moja, na mwandishi aliyajua hayo alipoketi kuandika. Vita vya kwanza, vya mwaka 1955 hadi 1972, na vya pili, vya mwaka 1983 hadi 2005, viliifanya njia hiyo kuwa ya mashaka, na mara nyingi viliifunga kabisa.

Wakati huohuo, watu wa kusini walikuwa wakihamia upande wa Kiswahili. Kambi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ilifunguliwa mwaka 1992 na kuwapokea maelfu ya watoto na vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan hadi Ethiopia, kisha wakalazimika kukimbia tena baada ya serikali ya Mengistu kuanguka mwaka 1991. Shule za kambini zilifuata mtaala wa Kenya, na humo vijana wengi walijifunza Kiswahili na Kiingereza. Waliokuwa hawana wazazi wa kuwaandikia walipata marafiki wa kuwaandikia.

Kuanzia mwaka 2000, zaidi ya 3,000 kati ya vijana hao walipelekwa kuishi Marekani. Wengine walikwenda Australia na Kanada. Waliobaki Kakuma wakawa waandikiwa, na barua kutoka ng'ambo ikawa njia ya kuendeleza urafiki ulioanzia kwenye dawati moja.

Sudan Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, ilianza pia kuwa na posta yake. Miongoni mwa stempu zake za kwanza ilikuwamo yenye bendera ya taifa na yenye picha ya John Garang. Oktoba mwaka huohuo nchi hiyo ilijiunga na Umoja wa Posta Duniani ikiwa mwanachama wa 192. Kwa mara ya kwanza barua iliweza kuandikwa "Juba, Sudan Kusini" na kutambuliwa kama anwani ya nchi yenye posta yake. Lakini posta changa ilizaliwa katika nchi ambayo, kwa makadirio ya wakati huo, takriban asilimia 27 tu ya watu wazima walijua kusoma na kuandika, na ambayo mitaa mingi ya mji wake mkuu haikuwa na majina wala namba za nyumba. Miaka miwili na miezi mitano baadaye, vita vikarudi.

Barua ya mkono na karatasi ya Msalaba Mwekundu

Posta inapokwama, watu huwa na njia mbili za kale.

Ya kwanza ni barua ya mkono. Msafiri hukabidhiwa bahasha, huitia mfukoni, na huifikisha kwa mwenyewe au kwa mtu anayemjua mwenyewe. Barabara ya lami kutoka Juba hadi Nimule kwenye mpaka wa Uganda, yenye urefu wa kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012 na kurahisisha safari za mabasi na malori ya kwenda Gulu na Kampala. Madereva na abiria wakawa matarishi wasio na sare. Udhaifu wa njia hii unajulikana: barua hufika pale tu ambapo aliyeipokea bado anafahamika mtaani. Mtaa ukihama, kama ilivyotokea tena Julai 2016 watu walipokimbia mapigano ya Juba, msafiri hana wa kumuuliza.

Njia ya pili ni ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Huu ni karatasi ya wazi, isiyotiwa gundi, ambayo mtu huandika habari za kifamilia tu: nani yu hai, nani amezaliwa, nani anaumwa, wanaishi wapi. Siasa na habari za kijeshi haziruhusiwi, na karatasi husomwa kabla ya kupelekwa ili masharti hayo yazingatiwe. Wahudumu wa kujitolea huibeba, wakati mwingine kwa miguu, hadi kambini au kijijini. Huduma hiyo ni ya bure, na siku hizi huenda pamoja na simu fupi ambazo watu hupigiwa kambini.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Kazi hiyo imewekwa kwa ajili ya kuunganisha familia: wazazi, watoto, ndugu, na wale walioishi wakitegemeana kama ndugu. Rafiki aliyejuana na mwenzake kupitia safu ya gazeti, hata kama waliandikiana kwa miaka kumi, haingii kwa urahisi katika orodha hiyo. Utaratibu huo una sababu yake, kwani mtoto anayemtafuta mama yake hutangulia. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba urafiki wa kalamu hubaki bila mlinzi pindi anwani inapopotea.

Kwa nini urafiki huu hudumu

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Anayeandika barua hulazimika kuchagua la kusema, kwa kuwa jibu halitakuja leo wala kesho. Anayeipokea huisoma zaidi ya mara moja, na huweza kuirudia baada ya miaka. Kwa wakimbizi, karatasi hiyo ina thamani ya ziada: ni kumbukumbu ya mtu waliyekuwa kabla ya kuhama, iliyoandikwa na mtu asiyekuwa na haja nao isipokuwa urafiki.

Mfano unaojulikana ni wa kusini mwa Afrika. Mwaka 1997, Caitlin Alifirenka, msichana wa miaka 12 wa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, aliandika barua kwa kijana asiyemjua nchini Zimbabwe. Martin Ganda, wa mji wa Mutare, alijibu. Barua zilipoendelea, yule msichana alianza kuelewa umaskini wa nyumbani kwa rafiki yake, kwani kuna wakati Martin aliandika juu ya karatasi ya kufungia aiskrimu kwa kukosa karatasi nyingine. Familia ya Caitlin ilimsaidia kubaki shuleni, naye baadaye akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Villanova, Marekani. Mwaka 2015 wawili hao walichapisha kitabu kuhusu urafiki wao.

Kilichouweka hai urafiki huo ni kwamba kila upande ulijibu, na kila jibu lilijua pa kwenda. Kijana wa Juba wa wakati huohuo huenda alikuwa na moyo uleule, lakini sharti hilo la pili halikuwa mikononi mwake.

Namba ya simu haikuchukua nafasi ya anwani

Wengi walidhani simu ingelimaliza tatizo hilo. Kabla ya uhuru, mtu wa Juba aliweza kupatikana kwa namba yenye msimbo wa Sudan, 249, au wa Uganda, 256, kutegemea kampuni aliyojiunga nayo. Msimbo wa Sudan Kusini yenyewe, 211, ulikuja mwaka 2011, na namba nyingi za zamani zikaachwa. Machi 2018, kampuni ya simu ya Vivacell ilisimamishwa katika mvutano na serikali kuhusu ada za leseni, na mamia ya maelfu ya wateja wakapoteza namba zao. Aliyekuwa na namba hiyo peke yake ya rafiki yake alimpoteza rafiki siku hiyo.

Anayemtafuta rafiki aanzie wapi

Hatua ya kwanza ni kuirudia bahasha yenyewe. Muhuri wa posta huonyesha mji na tarehe, na sanduku la posta huonyesha taasisi: shule, parokia, hospitali. Taasisi hudumu kuliko nyumba, na mara nyingi yupo mwalimu, katekista au karani anayekumbuka jina.

Hatua ya pili ni jumuiya. Vyama vya waliosoma pamoja Kakuma, makanisa ya Wasudan Kusini walio ughaibuni na vipindi vya redio vya Kiswahili huweza kulitaja jina pale ambapo barua haifiki. Inafaa kutaja jina, shule na mwaka, na kuacha kutangaza makazi ya sasa au kabila la mtu, kwa sababu ya usalama wake.

Hatua ya tatu inamhusu anayemtafuta ndugu wa damu. Huyo aende kwenye ofisi ya Msalaba Mwekundu ya nchi anamoishi na kuuliza huduma ya kuunganisha familia. Hatatozwa malipo.

Kwa aliyempata rafiki yake tena, ushauri wa makarani wa zamani bado unafaa: andika anwani zaidi ya moja, ya kwako na ya mtu atakayejua ulikohamia, na uiombe ya mwenzako vilevile. Katika mji uliohamwa mara mbili ndani ya miaka mitatu, anwani ya pili ndiyo iliyowaokoa wengi wasipotezane.