Saa Kuukuu ya Mbio: Ijue Kabla Hujaing'arisha

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Ndivyo walivyonena wahenga, lakini sisi tunaokusanya saa za mkono za zamani methali hiyo hutupita kando. Ninazozipenda mimi ni zile za michezo, zenye vifungo viwili ubavuni na vijisaa vidogo ndani ya uso wake, ziitwazo kronografu. Wengi huziona ni saa kuukuu tu. Siwalaumu, ila mtu akiitoa bure au akaiharibu pasipo kuijua, hasara huwa ya nyumba nzima.

Kazi ya saa hizi ni mbili: kusema majira kama saa yoyote, na kupima muda wa jambo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ukibonyeza kifungo cha juu, akrabu nyembamba huanza kwenda. Ukikibonyeza tena, husimama. Na kile cha chini huirudisha ilipoanzia. Jina lenyewe ni la Kiyunani, maana yake mwandika wakati, kwani chombo alichokitumia Mfaransa Nicolas Rieussec kupimia mbio za farasi mjini Paris mwaka 1821 kilidondoa wino juu ya uso wake. Saa za mbio za magari huongezewa duara la nambari za mwendo. Gari likimaliza kilomita moja kwa sekunde 36, akrabu huelekea 100, yaani kilomita 100 kwa saa. Waliofuatilia mashindano ya Safari hapa kwetu, yaliyoanza mwaka 1953, wakumbuka jinsi dereva alivyokuwa akiadhibiwa kwa kila dakika aliyochelewa kituoni.

Mwaka 1963 zilitoka mbili mashuhuri, Carrera ya Heuer na Daytona ya Rolex. Ajabu ni kwamba za mwanzo za aina zote mbili zilitumia mtambo mmoja wa kutia ufunguo kwa mkono, Valjoux 72. Mwaka 1969 zikaja za kujitia ufunguo zenyewe, na mwaka huo huo ikatoka saa ya betri, iliyoyatikisa makarakana ya Uswisi. Mwaka 1975 wenye kiwanda cha Zenith waliamuru vyombo vya kuundia mitambo ya zamani viuzwe kama vyuma chakavu. Fundi mmoja, Charles Vermot, akavificha darini. Miaka ilipopita mitambo ile ilitakiwa tena, vyombo vikashushwa, na kuanzia mwaka 1988 Rolex wenyewe wakaitumia katika Daytona.

Basi thamani hutoka wapi, ikiwa mtambo wa saa mbili ni mmoja? Hutoka katika uchache na uasili. Zilikuwako Daytona zenye uso wa rangi mbili ambazo wanunuzi hawakuzipenda, kwa hiyo zilizouzwa ni chache. Mojawapo ilikuwa ya Paul Newman, mchezaji sinema wa Marekani aliyekuwa pia dereva wa mbio, zawadi ya mkewe aliyechonga mgongoni mwake maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Tarehe 26 Oktoba 2017 ilinadiwa New York kwa dola 17,752,500.

Sisemi kila kabati la Mombasa lina mali kama hiyo. Lakini jirani yangu, baharia wa zamani, alipofariki, aliacha Carrera iliyofifia. Mwanawe mkubwa akanijia nayo mkononi.

"Ami, naipeleka kwa fundi aing'arishe na kuitia uso mpya, ipendeze."

"Mwanangu, usiiguse," nikamwambia. "Kwanza haijawa yako, ni ya warithi wote. Pili, ukiibadilisha uso umeiua."

Ilikaguliwa. Uso, akrabu na mtambo vyote vilikuwa vile ilivyotoka navyo kiwandani, na bei yake ilizidi ya samani zote za sebuleni. Kijana akaichukua, lakini thamani yake ikahesabiwa katika fungu lake. Mabinti wawili, ambao hakuna aliyewataja katika habari ya saa, wakapata haki yao.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiikuta saa ya namna hii, iache na mikwaruzo yake. Kuing'arisha hula kingo za chuma, na chuma kilicholiwa hakirudi. Usiitie maji wala kuibonyeza vifungo ikiwa imelowa, na uiweke mbali na chumvi ya bahari yetu. Ukitaka kununua, mwombe muuzaji aifungue mgongo uone mtambo, ulinganishe nambari na mwaka, na utazame kama akrabu na uso ni wa umri mmoja. Zipo nyingi zilizoungwa kwa viungo vya saa tatu au nne, zikapewa jina la moja. Na wewe ukiuza, itaje kila kasoro uijuayo. Saa iliyobadilishwa uso ikiuzwa kwa jina lake la kweli ni biashara halali. Ikiuzwa kama ya asili ni ghushi, na dini yetu imekwisha kusema juu ya mwenye kughushi.