Mlinzi wa barua pepe asiwe na lango wazi

Chai ya Nyamira huuzwa kwetu Mombasa, na tangu 2020 mnada wenyewe umehamia mtandaoni. Kabla lori halijafika maghalani Shimanzi, barua pepe zimeshatangulia zikiwa na ankara, ratiba na namba za akaunti. Matapeli wanalijua hilo. Barua moja ya uongo yenye namba ya akaunti iliyobadilishwa yatosha kuyapeleka malipo ya wakulima wa Kebirigo kwa mtu asiyejulikana.

Ndipo ofisi hununua mtambo wa kuchuja barua pepe, kama ule wa Cisco uliotokana na IronPort, kampuni iliyonunuliwa 2007. Muuzaji atausifu kwa kunasa virusi. Atakalolipitia haraka ni matundu ya waya yaliyo nyuma yake, na kasheshe huanzia hapo.

Mtambo kamili huwa na tundu la usimamizi na angalau tundu moja au mawili ya kupitishia barua. Kila tundu unalolitumia hupewa intafesi, yaani anwani ya IP, maski ya mtandao na jina kamili la mtambo. Tundu la usimamizi hutoka kiwandani na anwani 192.168.42.42, nawe huibadilisha ifuate mtandao wa ndani. Huko ndiko fundi huingilia. La barua ndilo linaloelekea nje na kupokea wageni kwenye mlango namba 25.

Kuna ofisi moja ya huko bara, jina nalihifadhi, ambako kazi zote mbili zilitiwa kwenye anwani moja inayoonekana na dunia nzima. Neno la siri lilikuwa lile lile la kiwandani. Subhanallah! Yeyote aliyeifikia anwani ile angeweza kuuamrisha mtambo uache kuchuja.

Basi tenganisha. Lakini usiyape matundu mawili anwani za mtandao mmoja ukidhani umetenganisha. Ombi laweza kuingilia tundu hili na jibu likatokea lile, fayawoli ikalitupa, nawe ukabaki kulaumu kampuni ya intaneti.

Jambo la geti huwasumbua wengi zaidi. Tuseme ofisi kuu iko Kisii mjini na tawi liko Nyamira, kwenye mtandao wake tofauti. Geti kuu la mtambo huelekezwa kwenye intaneti kupitia tundu la barua. Fundi wa Nyamira akijaribu kuufungua ukurasa wa usimamizi, ombi lake litafika, ila jibu litaelekea intaneti na kupotea. Dawa ni kuandika njia maalumu: mtandao wa Nyamira upitie rauta ya ndani.

Kisha wasikilizaji. Anayesikiliza nje apokee barua za kikoa chenu pekee. Anayesikiliza ndani aruhusu seva zenu tu kutuma nje, kwa kutajwa anwani moja moja. Mkiruhusu kila mtu, matapeli watatuma taka zao kwa jina lenu, na madalali wa Mombasa wataanza kuzikataa hata barua zenu za haki. Anwani mnayotumia kutumia barua nayo iwe na jina kwenye DNS, na jina lirudi kwenye anwani ile ile. Kazi hiyo ya kurudisha jina kwa kawaida hufanywa na kampuni inayowauzia intaneti, kwa hivyo waandikieni mapema.

Mabadiliko hayashiki mpaka utoe amri ya commit. Ukiwa Mombasa ukabadilisha anwani unayoingilia, amri hiyo hiyo itakukata, na Kisii ni karibu kilomita 800 kwa basi. Mwache mtu kando ya mtambo akiwa na kebo ya konsoli.

Mwisho jaribu kwa bando la simu yako, si mtandao wa ofisi. Ukurasa wa usimamizi usifunguke kabisa. Halafu ingia mlango namba 25 kutoka nje, uombe kumtumia barua mtu wa kikoa kisicho chenu. Mtambo ukijibu 550, umekataa. Ukijibu 250, chomoa waya wa nje kwanza, maelezo baadaye.