Kumtafuta Mtaalamu wa Tiba ya Kisaikolojia kwa Mwenye Maumivu Sugu

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndivyo yalivyo maumivu sugu: hayaandikwi usoni, mara nyingi hayaonekani hata kwenye picha ya eksirei, na anayeishi nawe huenda akadhani kwamba unazidisha. Katika uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022, maumivu huhesabiwa kuwa sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Huenda yakawa ya mgongo, magoti, kichwa, au neva zilizodhuriwa na kisukari.

Mtu aliyefika hapo huwa amekwisha kulipia vipimo, dawa na nauli, na bado halali usiku. Mtu wa namna hiyo ni rahisi kuuziwa matumaini. Makala haya yanaeleza tiba ya kisaikolojia inavyoweza kukusaidia, namna ya kumtambua mtaalamu aliyeidhinishwa hapa Kenya, na hatua za kuchukua ukidhulumiwa.

Je, kupelekwa kwa mwanasaikolojia ni kuambiwa kwamba unajifanya?

Hapana. Maumivu yako ni ya kweli. Maumivu yote hupitia neva, uti wa mgongo na ubongo kabla hujayahisi, na njia hiyo haipitishi taarifa jinsi ilivyo. Huweza kuipunguza au kuikuza. Hofu, usingizi haba, huzuni na uchovu huikuza. Yanapodumu, mfumo wa neva wenyewe huweza kuwa mwepesi kupita kiasi wa kutoa onyo, hata pale ambapo jeraha la kwanza limekwisha kupona. Mtaalamu wa saikolojia hushughulikia sehemu hiyo ya tatizo, ambayo kidonge peke yake hakiifikii vyema.

Tiba hii hufanya nini hasa?

Chukua mfano wa fundi cherehani mwenye maumivu ya mgongo. Siku anayojisikia nafuu, hushona tangu asubuhi hadi jioni ili kufidia kazi iliyolala. Siku mbili zinazofuata hawezi kuinuka kitandani. Baada ya miezi kadhaa huanza kuogopa hata kuinama. Misuli hudhoofika, wateja hupungua, na maumivu huongezeka.

Katika tiba ya utambuzi na tabia, fundi huyu na mtaalamu wake watachunguza mzunguko huo na kuukata mahali panapowezekana. Huenda wakakubaliana kwamba atashona kwa dakika 20, asimame na kutembea kidogo, kisha arudi, iwe ni siku njema au mbaya. Na kwamba muda huo utaongezwa polepole. Watapima mawazo kama "nikiinama nitapooza" kwa kuyalinganisha na yale aliyoambiwa na daktari. Watarekebisha mazoea ya kulala na kujifunza namna ya kupumua na kulegeza misuli. Ipo pia tiba ya ukubalifu na utendaji, ambayo humfunza mtu kuyaendea mambo anayoyathamini bila kungoja maumivu yaishe kwanza.

Ni haki yako kujua pia mipaka ya tiba hii. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2020 yalionyesha kwamba, kwa wastani, tiba ya utambuzi na tabia hupunguza maumivu, dhiki na kushindwa kufanya shughuli, lakini kwa kiasi kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno umeitaja miongoni mwa huduma zinazoweza kutolewa, pamoja na elimu na mazoezi. Basi itarajie ikurudishie sehemu ya maisha yako: kazi, usingizi, kuketi na jamaa. Usitarajie iyaondoe maumivu yote.

Anza kwa daktari

Kabla ya kumlipa mtaalamu yeyote wa saikolojia, hakikisha daktari amekuchunguza. Nenda hospitalini bila kukawia ikiwa maumivu ya mgongo yanaandamana na miguu kulegea, kufa ganzi kwenye sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo au choo. Homa, kukonda bila sababu, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali pia yanahitaji daktari kwanza. Vilevile, ukiwa na mawazo ya kujidhuru, usingoje miadi: mweleze mtu unayemwamini na uende katika kituo cha afya kilicho karibu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Nani ni nani?

Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari wa tiba aliyebobea, na anaweza kuandika dawa. Anasajiliwa na baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha hutibu kwa mazungumzo na mazoezi ya kitabia, na hawaandiki dawa. Wao husimamiwa na Bodi ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mtaalamu wa fiziotherapia ana baraza lake pia. Wenye maumivu sugu wengi humhitaji sambamba na mwanasaikolojia.

Kiongozi wa dini au mzee wa familia aweza kukufariji, na faraja hiyo ina thamani yake. Hata hivyo, haichukui nafasi ya matibabu, na anayekutoza ada kwa jina la ushauri nasaha anapaswa kuwa amesajiliwa.

Utampata wapi?

Mwombe daktari wako barua ya rufaa. Uliza katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya kaunti yako, au katika vyuo vikuu vinavyofunza saikolojia, kwani baadhi yavyo huwa na huduma za ushauri kwa umma. Ikiwa nauli au maumivu yenyewe yanakuzuia kusafiri, uliza kama vikao vinaweza kufanywa kwa simu au kwa video.

Ukishapata jina, omba nambari ya usajili na uhakikishe kwa bodi au baraza husika kwamba jina hilo limo katika sajili na kwamba leseni haijapitwa na wakati. Cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi: cheti cha kuhudhuria mafunzo si leseni. Mtaalamu wa kweli haoni haya kuulizwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Umepata mafunzo gani kuhusu maumivu sugu, na umewahi kuwahudumia watu wenye tatizo kama langu?
2. Utatumia tiba ya aina gani, nami nitatakiwa kufanya nini nyumbani kati ya kikao na kikao?
3. Unatazamia vikao vingapi, na kila kimoja kitachukua muda gani?
4. Tutajuaje kwamba ninaendelea vizuri, na tutafanya nini nisipoendelea?
5. Je, uko tayari kuwasiliana na daktari wangu, kwa idhini yangu?
6. Ada ni kiasi gani, na nikikosa kikao kwa sababu ya maumivu nitatozwa?

Mara nyingi kikao huchukua dakika 45 hadi 60, na mpango wa tiba huwa na vikao 6 hadi 12. Mwishoni mwa vikao viwili au vitatu vya mwanzo unapaswa kuwa na lengo mlilokubaliana na unaloweza kulitaja kwa maneno yako mwenyewe. Ikiwa hulijui, uliza. Kubadilisha mtaalamu si utovu wa adabu.

Piga hesabu ya gharama yote

Usiangalie ada ya kikao kimoja tu. Kwa mfano, kikao cha shilingi 2,000 na nauli ya shilingi 300 kwenda na kurudi, kwa vikao 8, ni shilingi 18,400. Ikiwa una bima ya kampuni, au umejiandikisha na Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza kwa maandishi kabla ya kuanza: je, huduma hii inalipiwa, katika kituo kipi, na hadi kiwango gani? Lipia kikao baada ya kikao, na utunze risiti au ujumbe wa malipo ya simu.

Dalili za kukutahadharisha

Jiepushe na mtu anayekuahidi kwamba utapona kabisa, anayekushurutisha kulipia vikao vingi kwa mkupuo, au anayekuuzia dawa, mafuta au mashine chumbani mwa ushauri. Jiepushe pia na anayekwambia uache dawa ulizoandikiwa. Baadhi ya dawa za maumivu na za mfadhaiko zikikatizwa ghafla huleta madhara. Ni daktari aliyeziandika anayepaswa kukuongoza kuzipunguza. Mtaalamu anayekugusa isivyostahili, anayekutongoza, au anayesimulia habari za wagonjwa wengine amevunja maadili ya kazi yake.

Ukidhulumiwa

Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya huduma za ubora unaofaa, haki ya kupata maelezo unayohitaji, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na dosari katika huduma. Aidha, habari za afya yako ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mtu hawezi kuzitoa apendavyo.

Andika tarehe, jina la mtaalamu, kiasi ulicholipa na lililotendeka. Mwandikie kwanza mtaalamu au kituo chake ikiwa jambo ni la ada au miadi. Ikiwa ni la maadili au mtu hana leseni, peleka lalamiko moja kwa moja kwa bodi au baraza linalomsimamia. Siri yako ikiwa imefichuliwa, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kosa la jinai, kama vile kushambuliwa kingono, liripoti kwa polisi.

Wengi hunyamaza kwa kuona haya kwamba walitafuta msaada wa kisaikolojia. Hakuna haya katika jambo hilo. Ulikwenda kununua huduma halali kwa ajili ya maradhi ya kweli, na sheria inakulinda kama inavyomlinda mtumiaji mwingine yeyote. Lalamiko lako moja huenda likamwokoa mgonjwa mwingine ambaye, kama wewe, amechoka na anatafuta wa kumwamini.