Perege wa Zanzibar na fumbo la dume na jike

Mnunuzi anayesimama jioni mbele ya karai la samaki mtaani Makadara, kisiwani Mombasa, huuliza bei, na pengine huuliza kama samaki ni wa leo. Ni nadra kuuliza iwapo ni dume au jike. Lau angeuliza, mwuzaji angekuwa na kazi ya kumjibu, kwani pono na perege waliolala kwenye sinia moja hawakuipata jinsia yao kwa njia moja.

Pono wengi huanza maisha wakiwa majike, kisha baadhi yao hugeuka madume ukubwani na kuvaa rangi za kijani na buluu. Tewa naye hugeuka vivyo hivyo. Ndiyo maana kuwavua tewa wakubwa pekee ni kuwamaliza madume.

Perege ana desturi nyingine. Jinsia yake hutegemea zaidi kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya kila seli. Hapo anafanana na binadamu, ambaye mama yake humpa X na baba humpa ama X ama Y. Lakini sheria ya binadamu ni moja, na ni kongwe mno. Sheria za samaki hubadilika, hata baina ya ndugu wa ukoo mmoja.

Ushahidi mashuhuri wa jambo hilo ulitokana na samaki wa pwani hii. Mwaka 1960 mtaalamu Mwingereza, C.F. Hickling, alichapisha matokeo ya uzalishaji uliofanywa Malacca, katika Malaysia ya leo. Madume walitoka Zanzibar, na asili yao ni Mto Wami wa Tanzania bara. Majike walikuwa perege wa Msumbiji, waliokuwa wamekwisha kuenea katika mabwawa ya Asia. Watoto wote walikuwa madume. Wazazi walipobadilishwa, dume akawa wa Msumbiji na jike wa Zanzibar, walipatikana madume watatu kwa kila jike mmoja.

Maelezo yaliyokubalika baadaye ni haya. Kwa perege wa Msumbiji, dume ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana, X na Y. Kwa yule wa Wami, ni jike ndiye mwenye mbili zisizofanana, Z na W, kama ilivyo kwa kuku. Basi dume wa Zanzibar hana la kutoa ila Z, na jike wa Msumbiji hana la kutoa ila X. Z na X zikikutana, mtoto huwa dume. Hawa ni samaki walio karibu kiasi cha kuweza kuzaana, lakini kila mmoja ana sheria yake.

Inakuwaje? Kromosomu za jinsia huanza zikiwa jozi ya kawaida. Jeni moja katika uzi mmoja hubadilika na kuanza kuamua udume au ujike. Jeni za jirani zinazoifaa jinsia hiyo hunufaika kwa kurithiwa pamoja nayo, na polepole nyuzi hizo mbili huacha kubadilishana vipande. Uzi usiobadilishana huchakaa. Y ya binadamu, ambayo asili yake ni zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, imepoteza jeni zake nyingi. Y ya perege wa Nile, anayeitwa sato au ngege, bado ni changa na nzima, hata wataalamu wamefaulu kuzalisha madume wenye Y mbili wanaoishi na kuzaa bila taabu. Binadamu hawezi kuishi bila X.

Na kabla uzi haujachakaa, mwingine huweza kuushika usukani. Katika Ziwa Nyasa wako samaki ambao majike wao wana mabaka ya rangi ya chungwa yanayowaficha mawindoni. Dume akiwa na mabaka hayo huipoteza rangi anayovutia majike. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba jeni mpya ya ujike imejitokeza jirani na jeni ya mabaka, hivyo rangi hiyo ikabaki zaidi upande wa majike. Ni suluhu ya mgogoro wa nyumbani, kwa namna fulani. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walieleza kuwa jamaa zao wa Ziwa Tanganyika nao wamebadili kromosomu za jinsia mara nyingi, kwa kasi kubwa mno.

Mambo haya hayaishii maabara. Perege jike huanza kuzaa angali mdogo, na bwawa hujaa vidagaa visivyouzika. Wakenya wengi waliochimbiwa mabwawa chini ya mpango wa serikali wa kuchochea uchumi, ulioanza mwaka 2009, walilazimika kulijua hilo. Dume hukua haraka zaidi. Kwa sababu hiyo vituo vingi vya vifaranga huwalisha homoni ya kiume kwa takriban wiki tatu au nne za mwanzo. Njia ya Malacca haihitaji dawa, ila inadai wazazi wa nasaba safi. Damu ikichanganyika kidogo tu, majike hurudi bwawani.

Na nasaba hizo ndizo zinazopotea. Sato wa Nile, aliyepelekwa huku na huko kwa ajili ya ufugaji, ameenea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania na huzaana kwa urahisi na perege wenyeji. Karibu zaidi na Mombasa, katika Ziwa Jipe lililo mpakani huko Taita Taveta, yuko perege aliyepewa jina la ziwa hilo. Amekwisha kuorodheshwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.